Sare Mpya na Mtoto wa Tatu

Siku ya kwanza ya kazi nilitoka na sare ya bluu iliyopigwa pasi, rejista, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Kazi yenyewe ilikuwa ya kujitolea: mhudumu wa afya wa kijiji, Kwamsisi, Handeni. Wenzangu waliochaguliwa nami kwenye mkutano wa kijiji walikuwa na sababu zao. Mmoja alitaka baiskeli, mwingine alitumaini ajira, wa tatu alishindwana na mama mkwe akatafuta pa kupumulia. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimechoka kuitwa mshamba. Nilitaka kuitwa daktari. Wapo walioniita hivyo, nami sikuwasahihisha.

Utepe ule una rangi tatu. Unauzungusha mkononi, katikati ya bega na kiwiko. Kijani, mtoto yuko salama; njano, mwangalie kwa karibu; nyekundu, mkimbize zahanati. Hauhitaji kisomo kikubwa, ila mtoto awe mbele yako.

Siku hiyohiyo nilifika kwenye boma la wafugaji. Nilimwamkia bibi mwenye nyumba, akanikaribisha ndani ninywe maziwa. Mlango ulikuwa mfupi, ndani moshi, ukuta umetoka kukandikwa samadi mbichi. Nikaiangalia sare yangu.

"Nashukuru, bibi, nina haraka. Watoto wadogo ni wangapi?"

"Ni hawa wawili," akasema.

Nikawapima palepale uani, wote kijani. Nikaandika, nikaondoka nimeridhika.

Wiki iliyofuata aliniita mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu, mzee asiyepandisha sauti.

"Mama Mhina, kwenye lile boma la wafugaji wamezika mtoto. Ulimpima?"

"Nilipima wawili, mganga."

"Huyu ni wa tatu. Alikaribia mwaka, alikuwa amekonda sana. Alikuwa hajapewa jina bado, na wale hawamtaji kwa mgeni mtoto asiye na jina. Uliingia ndani?"

"Sikuingia."

"Kwa nini?"

Ningemwambia nini? Sare? Mshamba yeyote wa kwetu anajua: unaingia, unakunywa, ndipo unauliza habari za watoto. Nilijua tangu utotoni, nikajifanya sijui.

Nilirudi kutoa pole. Safari hii niliinama mlangoni. Yule bibi alinimiminia maziwa.

"Leo umeingia," akasema.

Niliyanywa huku nikilia.

Miaka mingi baadaye tuliitwa kwenye mafunzo Korogwe. Mratibu akataka kila mtu ataje jina na cheo. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mama Mhina, mshamba wa Kwamsisi." Ukumbi ukacheka.

"Mama, taja cheo," mratibu akasisitiza.

"Andika hichohicho, mwanangu. Ndicho kinachonifungulia milango ya watu."

Sasa magoti yamegoma. Ninaishi Kwamndolwa kwa binti yangu, na utepe nimemkabidhi mwingine. Mabinti wanaojitolea hapa mtaani hupita kunisalimu, na huniuliza kwa nini nilifanya kazi miaka yote hiyo bila mshahara. Wengi wao wana sababu kama yangu ya mwanzo, na siwalaumu. Yangu ilibadilika njiani, lakini aliyelipia mabadiliko hayo si mimi. Ningependa kuwatajia ni nani, maana ndiye aliyenifundisha kazi. Alizikwa bila jina.