Fahali Aliyetukazia Macho

Juzi mwanangu alijifunga kitambaa chekundu shingoni, akaniambia anakwenda Hispania kukimbizwa na mafahali. "Nitakuletea picha, mama." Papo hapo nikasikia harufu ya vumbi linaloungua.

Ndivyo ilivyonuka mashine ya picha ya jirani yetu Bertil, alasiri moja ya utoto wangu ughaibuni, kule Hallonbergen. Alikuwa amefunga mapazia, akituonyesha ukutani picha za safari yake na mkewe ya Hispania. Mashine ililia ta, picha ikabadilika: vijana wenye vitambaa vyekundu wakikimbia huku wanacheka, kundi la mafahali nyuma yao. Nami nilicheka.

Ta. Fahali mmoja, peke yake, ametukazia macho. Nilidhani amesimama ili apigwe picha, kama sisi shuleni.

Baba, aliyekulia machungani Usukumani, aliweka kikombe chini.

"Ng'ombe aliyepotezana na wenzake ni wa kuogopwa," alisema. "Nani alipiga hii?"

"Mdogo wangu," Bertil alijibu. "Ndiyo yake ya mwisho."

Ta. Ukuta ukabaki mweupe, mashine ikaendelea kuunguruma.

"Mbona hakupiga nyingine?" niliuliza.

Mke wa Bertil aliinuka, akaenda kufungua mapazia.