Shokapu ya Mbele Kushoto

Wanaume wengi wakiingia duka la spea na kumkuta mwanamke kaunta, huuliza mwenye duka yuko wapi. Huwa nawajibu kwamba kama wana shida ya spea waseme, na kama wana shida ya mwanaume waende duka la jirani. Nimeuza spea Mwanza miaka saba, na mdomo huu umenisaidia sana.

Kila kinachotoka mkononi mwangu hukitia alama ya rangi ya kucha. Wauzaji wote tuna alama zetu, maana wapo wateja wanaonunua kipya asubuhi, jioni wakarudisha kile kibovu cha zamani huku wakiapa ndicho tulichowauzia. Ni mtu mmoja tu niliyemtilia alama kwa mapenzi. Alikuwa dereva wa gari la abiria aina ya Noah, mchumba wangu. Nilipomuuzia shokapu za mbele, niliandika sehemu inayofunikwa na mpira herufi ya jina lake na ya jina langu. Alicheka, akasema gari limeolewa kabla yangu.

Barua ya posa ilifika kwetu Ilemela, wazee wakaijibu. Kisha akaniambia ameuza gari, anakwenda machimboni kutafuta mtaji, nimpe muda ajipange. Nikampa. Baada ya miezi michache namba yake ikawa haipatikani. Mama aliposema huyo hayupo tena, nilimjibu vibaya mpaka leo naona aibu. Wawili wengine walileta posa, nikawakataa. Nilikuwa na uhakika atarudi.

Mwaka jana nilikuwa nimeshahamia duka jingine, Pasiansi. Asubuhi moja akaingia fundi wa makamo kutoka Sengerema, na shokapu iliyochoka ndani ya mfuko wa sementi. Mafundi huja na kifaa kibovu kama sampuli, wasije wakapewa kisichofanana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Natafuta kama hii, ya mbele kushoto."

Nikasogeza mpira ili nipime urefu. Herufi zetu zilikuwepo, nyekundu, hazijafutika hata kidogo.

Nikauliza gari ni la nani.

"La dereva mmoja wa pale kwetu. Ana haraka kweli, Jumamosi anaoa. Hataki bibi harusi arushwerushwe njiani."

Nikaurudisha mpira mahali pake. Nikamwambia zipo aina mbili, mtumba wa Japani na mpya ya bei rahisi, kwa hiyo mwenye gari achague mwenyewe. Fundi angeweza kuchagua bila shida. Nilitaka tu kumsikia huyo mtu. Fundi akapiga, akaweka spika, akailaza simu mezani kati yetu.

"Halo, dada. Habari za kazi?"

Alikuwa yeye.

Nikamweleza kwamba mtumba wa Japani unadumu, kwamba ile mpya ni laini lakini inawahi kuvuja mafuta, na kwamba kwa barabara ya vumbi ningemshauri achukue ya kwanza. Nilieleza polepole, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, kisha nikarudia, nikingoja anitaje jina. Hata angekata simu kwa aibu, ningeshukuru.

"Basi nipe hiyo ya Japani," akasema. "Umenielewesha vizuri sana. Asante, dada yangu, Mungu akubariki."

Nikamchagulia shokapu nzuri kuliko zote dukani, nikaifunga vizuri, nikamtakia fundi safari njema. Kisha nikaingia stoo, nikakaa juu ya maboksi ya betri, nikalia mpaka kifua kikauma. Kuoa kwake ningekuja kukuzoea, wanaume huoa. Lakini miaka miwili mizima nilimpigia simu kila alfajiri kumwamsha awahi abiria, kwa sauti yangu hiihii.