Bolti ya Chini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimeishi nayo zaidi ya miaka arobaini, na nyie vijana mnaoniletea injini za kale mkiniuliza, "Mzee, bolti hii imegoma, tuifanyeje?" ndio mnaonirudisha kwayo kila mara. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa fundi wa pili katika gereji ya Mzee Idi, pale Chang'ombe ya kwetu Ugogoni, si ile ya pwani, nami nilijiona nimeshafika. Umri ule mikono ina nguvu kuliko akili. Wa kukuambia hivyo wapo, ila masikio ndiyo hayapo.

Mzee Idi alikuwa Mrangi wa Busi, kule Kondoa. Mtu mfupi, mpole, asiyepandisha sauti hata akiungua mkono. Mimi ni Mgogo wa Hombolo, nimelelewa kanisani, naye alikuwa mtu wa swala tano, na jambo hilo halikutugombanisha hata siku moja. Akitaka kutawadha, mimi nilimshikia birika. Jumapili hakunipa kazi. Mama yangu akivuna zabibu zake chache nilimpelekea, na mama yake akituma asali kutoka Busi, fungu langu lilitengwa kabla ya wengine.

Mama yake huyo sikuwahi kumwona kwa macho, lakini habari zake nilizijua kama za bibi yangu. Maisha yake yote, kama alisafiri, alisafiri juu ya magunia kwenye malori. Mzee Idi alikuwa amemwahidi kwamba siku moja atasimama mlangoni pake na gari lake mwenyewe, amketishe mbele kama mke wa mkuu wa mkoa, amzungushe mpaka Kondoa mjini. Kwa ajili hiyo alinunua landrova kuukuu, injini haijanguruma miaka mingi, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Aliifufua kidogo kidogo, baada ya kazi za wateja, kwa muda wa miaka miwili. Alipokuwa akiifuta vumbi alikuwa na namna ya kunyamaza ambayo sikuielewa wakati ule. Sasa naielewa. Alikuwa anapatamani nyumbani.

Siku hiyo, mchana wa kiangazi, upepo unapeperusha vumbi mpaka ndani ya chai, akaja dereva wa lori aliyetoka Kondoa. Alileta habari kwamba mama ameshikwa na ugonjwa, halali wala hali, na kila akifumbua macho anamwulizia Idi. Lori lilikuwa linarudi jioni ile ile, na dereva akasema nafasi ipo, apande.

Mzee Idi aliitazama landrova. Ilikuwa imebaki kazi moja tu: wota pampu, ile inayosukuma maji ya kupoza injini, ilikuwa inavuja, na mpya tulikuwa nayo. Kazi ya saa mbili. Akamshukuru dereva, akamwambia atangulie na kumwambia mama kwamba Idi anakuja kesho, na anakuja na gari lake.

Akaniachia kazi ile aende kufungasha. Kabla hajaondoka aliinama, akagusa kwa kidole bolti ya chini kabisa ya pampu.

"Mathayo," aliniambia, "hii ina kutu iliyokuzidi umri. Ikikataa, usishindane nayo. Niite."

Nikamjibu ndiyo, mzee. Mdomo ulijibu, mwanangu. Moyo ulikuwa mbali. Siku mbili nyuma alikuwa amewaambia wateja kwamba akisafiri, gereji inabaki mikononi mwa Mathayo, na tangu hapo nilikuwa natembea kifua mbele.

Bolti nne zilitoka vizuri. Ya chini ikagoma. Nilitia spana, nikavuta, haikutikisika. Nilipaswa kufanya nini? Kutembea hatua mia tatu mpaka nyumbani kwake, nibishe hodi, niseme, mzee, imekataa. Hatua mia tatu tu. Badala yake nilichukua kipande cha bomba, nikakivisha kwenye mkono wa spana ili upate urefu, nikaning'inia nacho kwa uzito wangu wote. Nikasikia ikiachia. Nikafurahi, mwanangu, ile furaha ya mjinga. Kumbe haikuwa imeachia. Ilikuwa imekatika, kichwa kimebaki kwenye spana na kisiki kimebaki ndani ya injini.

Kuvunja bolti si dhambi. Hakuna fundi chini ya jua ambaye hajavunja, na anayekwambia hajavunja, mwulize ameanza kazi lini. Lakini Waswahili walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha. Nilifunga pampu mpya kwa bolti nne zilizobaki, kisha nikachukua kile kichwa kilichokatika, nikakipaka gundi ya chuma, nikakigandisha mahali pake. Nikapaka grisi na vumbi juu ili kifanane na wenzake. Ukitazama, huoni kitu. Nilijiambia gundi itashika mpaka Busi na kurudi, kisha nitatengeneza vizuri mwenyewe, na hakuna atakayejua.

Jioni Mzee Idi akaja. Aliwasha injini, akasikiliza, akatabasamu. Kisha akanigeukia.

"Ile ya chini ilitoka salama?"

"Ilitoka, mzee."

Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua kwa maneno ya kwao, nami nikainama kupokea. Nakwambia kweli, mkono ule nausikia hadi leo.

Aliondoka alfajiri. Mimi siku nzima nilifanya kazi kama mtu mwenye homa. Nilikuwa najua umbali wa kila mahali barabarani, nikawa nahesabu: sasa yuko hapa, sasa yuko pale. Jua lilipokaribia utosini nikaanza kujipa moyo, nikaamini amepita salama.

Hakupita. Mbele ya Haneti, ambako siku zile unaweza kukaa kutwa nzima usione gari, gundi iliachia. Maji yakamwagika, injini ikachemka kabla hajagundua, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba juu ya injini, ikaungua. Alikaa pale mpaka jua likazama, akalala ndani ya gari, na kesho yake saa za mchana ndipo lilipopita lori lililompakia. Alifika Busi baada ya alasiri. Mama yake alikuwa amefariki usiku na kuzikwa asubuhi. Aliwakuta watu wamekaa msibani, udongo wa kaburi haujakauka.

Haya sikuyajua mpaka aliporudi, baada ya matanga. Landrova ililetwa nyuma yake ikiwa imefungwa juu ya lori. Nilipoiona ikishushwa nilitaka kukimbilia Hombolo nisirudi tena. Lakini nilibaki. Nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba kama kawaida yake, nikampa pole ya msiba. Akavua shati, akavaa ovaroli, akafungua pampu mwenyewe. Haikumchukua muda. Kichwa cha bolti kilikuwa kimeng'oka zamani, ila alama ya gundi ilikuwa inaonekana.

Aliketi juu ya tairi. Akaniita nikae mbele yake. Mafundi wengine wawili walikuwepo, akawaomba waende wakanywe chai, asinidhalilishe mbele yao. Kisha akanisimulia, taratibu, jinsi mama yake alivyopata salamu kwamba mwanawe anakuja na gari. Aliomba atandikiwe mkeka karibu na mlango, apate kuona. Kila upepo ulipovuma aliuliza kama ule ni mlio wa injini. Wakwe zake walimwambia bado, bado kidogo. Akalala akisubiri.

Nilikuwa nalia. Yeye hakulia.

"Bolti kuvunjika si kosa," alisema. "Ningejua imevunjika, ningepanda lori la jioni ile. Ningemkuta. Nilikuuliza, Mathayo. Nilikuuliza na ukanijibu."

Nilifungua mdomo niombe radhi, akainua mkono. Aliniambia nisiseme neno siku ile, maana siku ile ningesema kwa woga. Niliweke mpaka liive.

Nilidhani sasa atanifukuza. Badala yake alinyanyuka, akaleta kopo la mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akanikabidhi. Tulikaa siku tatu na kisiki kile. Siku ya kwanza kazi ilikuwa kudondosha mafuta na kugonga kwa nyundo ndogo, kugonga kwa upole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilikuwa natamani drili, natamani tindo, naye akanizuia. Akasema kutu hii imeingia kwa miaka, kwa nini unaitaka itoke kwa saa moja? Siku ya tatu tulichomelea nati juu ya kisiki kilichochungulia, tukaipasha moto, tukagusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani. Hapo ndipo akanipa spana.

"Kaza kidogo kwanza," alisema. "Kisha legeza kidogo. Ikilia, rudi nyuma."

Nilikaza unywele mmoja, nikalegeza unywele mmoja. Nenda, rudi. Tia mafuta, subiri. Ilichukua asubuhi nzima. Kilipotoka, kilitoka kizima na meno yake, na tundu halikuwa na jeraha. Mzee Idi alikitazama, akaniambia nisafishe vifaa. Basi. Hakunipongeza, wala hakulitaja tena jambo lile.

Na mimi sikulitaja. Hapo ndipo penye kisa changu hasa. Wewe unaweza kudhani niliomba radhi wiki ile, au mwezi ule. Sikuomba. Kila nilipotaka kusema, niliona siku haijafaa: leo ana wageni, leo amefunga, leo anacheka, kwa nini nimkumbushe. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi zaidi. Alinifundisha kila ninachokijua. Alikuja kwenye harusi yangu, akaketi na wazee wangu. Lakini kati yetu palikuwa na kitu, kama kokoto ndani ya kiatu cha mtu mwenye haya ya kukivua mbele za watu. Landrova aliitengeneza ikapona, akaiuza. Hakuiendesha kwenda Busi.

Alipochoka alirudi kwao kulima, akaniachia gereji. Tulikumbatiana, nikamwahidi nitakuja baada ya mavuno. Mavuno yalikuja, yakapita. Miaka kumi mingine ikaenda hivyo. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na wangu alikua mpaka akaota ndevu.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Alichoka kunisikia nikimtaja mzee yule kila tukila asali. Akanifungia zabibu kwenye kapu, akaniambia niende au ninyamaze. Nikaenda.

Nilimkuta Mzee Idi amekaa nje ya nyumba yake anachambua maharage kwa kupapasa, macho yamemwacha. Nilimwamkia, na kabla sijataja jina akasema, "Marahaba, Mathayo. Keti." Nikaketi chini. Nikalisema lile neno, hapo hapo, kabla ya maji ya kunywa, kwa sababu nilijijua. Nilisema, mzee, nilikudanganya, na nilikunyima mama yako. Nisamehe.

Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, "Nilikusamehe tangu siku ile kisiki kilipotoka. Msamaha wako ulikuwa hapa wakati wote. Ni wewe tu hukuja kuuchukua."

Baada ya hapo Mungu alitupa miaka mitatu. Nilikwenda kila nilipopata nafasi. Tulikuwa tunazungumza mpaka koo zinakauka, tunacheka mambo ya gereji ambayo zamani nilikuwa naogopa kuyacheka mbele yake. Alinisimulia mama yake alivyokuwa, sauti yake, ukali wake. Katika miaka hiyo mitatu nilimfahamu kuliko katika ile mingine yote. Kisha akaondoka duniani, nami nikawahi kumzika. Mwanangu, ninachokilia mpaka sasa si ile mitatu. Ni ile ishirini. Wakati mwingine nikiwa nimeinama kwenye injini nasikia mtu akikohoa mlangoni, nageuka kwa haraka, mtu mzima mimi, nikitumaini ni yeye.

Basi nisikilize. Bolti iliyogoma usiitukane na usiining'inie. Itie mafuta, igonge kwa upole, ipashe moto, ipe muda, kaza kidogo ndipo ulegeze. Ikilia, rudi. Nguvu zako hazitakimbia, zitakusubiri. Na mtu aliyegoma mfanyie vivyo hivyo, awe mke, ndugu au mzazi, maana na wao kutu yao haikuingia kwa siku moja. Ukivunja, kwa kuwa utavunja tu, sema siku hiyo hiyo, wakati aliyekuamini bado ana njia nyingine ya kupita. Ukiulizwa, jibu kweli hata kama sauti inatetemeka. Na kama lipo neno la radhi unalolibeba sasa hivi unaponisikiliza, usilitafutie siku nzuri. Simama uende. Huenda mwenzako alikusamehe zamani, na mnachopoteza wote wawili ni miaka ya kukaa pamoja.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe mwalimu wa kukurudi bila kukudhalilisha, na akupe ujasiri wa kubisha hodi mapema. Wale unaowatamani uwakute hai, uketi nao, mle, mcheke, mpaka mshibe.