Kitanda cha Kuvuta

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa naijua kwa sababu nilikuwa na simu ya mama, natazama video za watu wa nchi za mbali wanavyojipanga kwenye vyumba vidogo, mara ukaingia ujumbe: Tumeshafika stendi. Nikampa simu yake. Aliusoma, akamwangalia Bibi, kisha akaangalia uvungu wa kitanda.

Tunaishi chumba kimoja, ghorofani, kwenye nyumba ya zamani mjini Lindi. Wapangaji saba, choo kimoja, majiko koridoni. Sisi tuko watatu: mimi, mama, na Bibi, mama yake marehemu baba. Bibi aliletwa kutoka Nyangamara baada ya kuvunjika mguu shambani kwenye korosho, na siku hiyo hiyo mama aliniambia mbele yake, "Ukiona nafasi ya mtu wa tatu humu, atakaa. Usipoiona, anarudi kwao." Kwao hakuna aliyebaki wa kumchotea hata maji.

Basi niliitafuta nafasi. Nilijaza saruji kwenye makopo manne ya rangi nikainua kitanda cha mama juu yake. Mlango mbovu wa kabati niliutia bawaba ukawa meza ya kukunja ukutani. Nguo nikazitundika kwenye mti wa mwanzi uliofungwa darini. Kisha nikaokota mbao za kubebea mizigo nyuma ya duka la saruji, nikapigilia kitanda kifupi, nikakitia magurudumu ya kiti cha ofisini kilichokuwa kimetupwa. Usiku unakivuta, Bibi analala. Mchana unakisukuma uvunguni na godoro lake na mto wake, chumba kinakuwa cheupe. Majirani walikuja kutazama. Sijawahi kujisikia vile.

Sasa, mama alikuwa ameposwa. Mwanaume ana duka Somanga, na siku ile dada zake wawili walikuwa wanakuja kuona anapoishi. Mama alikuwa amewaambia anaishi na binti mmoja. Bibi hakumtaja. Kumchukua mama wa marehemu, alisema, ni kwenda kwa mume mpya na marehemu mgongoni.

"Mama, ingia kidogo," akamwambia Bibi. "Nusu saa tu."

"Niingie wapi?"

"Unapolala."

"Nimeshalala usiku, mwanangu. Saa hizi sina usingizi."

"Mama, usinitie aibu."

Bibi alijikokota kwa makalio, akajilaza mwenyewe, akajifunika kanga yake. Mama akasukuma kwa mguu. Magurudumu yalilia kama kitoto cha paka. Wakati nakitengeneza nilipima godoro na mto, nikaacha nafasi kidogo juu. Mtu sikumpima. Ilimbidi Bibi ageuze uso upande ili pua ipite. Mama akashusha shuka la maua mpaka sakafuni.

Nilikuwa mlangoni nimeshika ufagio. Sikusema kitu. Mimi ndivyo nilivyo, hata darasani jibu nalijua na linabaki mdomoni.

Wageni walifika saa kumi kasoro, wamejifukiza udi. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba. Mkubwa, mwenye mwili, hakutaka kiti. Alikaa kitandani, na nikaziona chaga zikipinda kwenda chini.

"Chumba kimoja, wifi, na mnapumua," akasema.

"Kazi ya binti huyu," mama akasema. "Hebu waonyeshe meza."

Nikaikunjua meza, nikaikunja.

"Mtoto wa kike na nyundo," akasema mdogo. "Nani ataoa huyu?"

"Atajipigilia mume wake mwenyewe," akasema mkubwa, na wote watatu wakacheka.

Adhana ya alasiri ililia wakiwa wanakunywa juisi ya ukwaju. Chini ya kitanda gurudumu likalia kidogo. Nadhani Bibi alikuwa anajaribu kukunja mkono kifuani aswali.

"Nini hicho?" Mkubwa akagonga mbao kwa kisigino. Mara mbili. "Humu mmeweka nini?"

Mama aliniangalia mimi.

"Mimi napenda kujua," akasema mgeni. "Na cha uvunguni sharti uiname." Akaanza kuinama kweli, mkono kwenye shuka.

"Vitu vya zamani tu, shangazi," nikasema. "Vinanuka panya."

Yalikuwa maneno yangu ya kwanza baada ya shikamoo, na yalitoka vizuri, bila kigugumizi. Akaurudisha mkono wake.

"Kweli pananuka," akasema mdogo. "Vichomeni moto. Vitu vya zamani mnalala navyo vya nini?"

"Nitaviacha hapa hapa nikihama," mama akasema, akawaongezea juisi.

Walikaa mpaka magharibi. Walipoondoka mama aliwasindikiza, mimi nikakivuta kitanda. Kanga ya Bibi ilikuwa imelowa jasho, na chini amejikojolea. Uso ulikuwa na alama ya chaga shavuni.

"Vitu vya zamani vinaomba maji ya kunywa," akaniambia.

Nilimshikia kikombe. Sikuweza kumwangalia. Mama aliporudi alisema, "Ona, umeniharibia godoro," halafu akakaa akaanza kumpigia simu yule mwanaume, anacheka.

Jumapili asubuhi, mama alipokwenda sokoni, nilichukua bisibisi nikakipindua kitanda. Nilikuwa nimeshafungua gurudumu moja Bibi aliponiuliza nafanya nini.

"Nayang'oa. Asikusukume tena."

"Wakija na mahari mimi nitakaa wapi?"

Nikaishusha bisibisi.

"Nisipoenea humu, najua ninakopelekwa. Lirudishe. Halafu yatie mafuta yote. Jana yalilia, nusura yaniumbue."

Nikalirudisha. Nikayapaka mafuta ya nazi yote manne, nikakisukuma kitanda mara tatu. Hakikutoa sauti. Kisha nikamwomba Bibi alale chali, nikachukua rula ya shule nikaisimamisha kando ya kifua chake, nijue makopo niyaongezee kimo gani. Alibana pumzi ili asizidi.

"Vuta pumzi, Bibi," nikamwambia. "Nataka nikupime ukiwa umevuta."