Siku Nilipoitenga Kompyuta ya Bura

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa pikipiki kabla ya kuonyeshwa kompyuta hata moja. Shirika letu liliendesha zahanati ndogo kandokando ya Mto Tana, na mimi, fundi wa kompyuta mwenye ofisi Garsen, nilitakiwa kuzifuata mashine zilipo. Ya Wenje ikigoma, naenda Wenje. Mara nyingine nakuta waya umechomoka tu, basi nanywa chai na kurudi na vumbi langu.

Kisha akaja Meneja wa Mifumo, mtu wa Mombasa mwenye maneno machache. Katika kila kompyuta aliweka programu ndogo inayopokea amri zetu kupitia mtandao. Mara ya kwanza nilipousogeza mshale wa kompyuta ya Ndera nikiwa nimekaa Garsen, niligeuka kutazama nyuma yangu. Ninyi vijana mmezaliwa mkayakuta haya, hamshangai. Mimi nilistaajabu siku ile na mpaka leo sijapona.

"Usifurahi sana, Bwana Jilo," Meneja akaniambia. "Ukiweza kuingia wewe, na mwizi anaweza. Kazi yako sasa ni kulinda mlango."

Basi nikawa bawabu. Nilisasisha programu ili kuziba nyufa zake, nikabadilisha nywila, nikafunga akaunti za walioacha kazi. Kilichonishinda ni simu za wageni. Mfugaji akitoka malishoni simu imezima, huichomeka kwenye kompyuta ya zahanati, kwa kuwa ndiko kwenye umeme wa sola. Nilipiga marufuku, maana simu nayo ni mlango. Sista Habiba, muuguzi wa Bura, akanipigia akicheka: "Kaka Jilo, mtu katembea jua lote hili, nimnyime chaji? Kwetu mgeni hata maziwa hanyimwi!"

Mwaka wa mafuriko, barabara ikiwa chini ya maji, mgeni mmoja alichomeka simu yake Bura. Alitamani kuwaonyesha wahudumu video ya harusi ya bintiye, nao kwa adabu wakalifungua faili lake kwenye kompyuta. Ndani yake mlikuwa na kirusi kinachofunga faili zote zisisomeke tena. Asubuhi hiyo skrini yangu ikajaa alama nyekundu. Kirusi kilikuwa Bura, na tayari kilikuwa kinabisha hodi kwenye seva, ile kompyuta kuu iliyohifadhi rekodi za wagonjwa wetu wote.

"Itenge Bura," Meneja akasema kwenye simu. "Kata mtandao wake wote, sasa hivi."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe nilipoona kwamba kompyuta ile ilikuwa katikati ya mazungumzo ya video. Nikampigia Sista Habiba kwa simu nyingine.

"Usikate!" akapaza sauti. "Hawo anajifungua, mtoto katanguliza miguu. Daktari wa Hola ananielekeza kwa picha. Gari halipiti, Kaka!"

"Meneja, kuna mama anajifungua," nikasema.

Akasema taratibu: "Funga njia zote, ruhusu anwani moja tu ya mtandao, ya daktari. Ukikosea tarakimu moja, utampoteza mama au tutapoteza rekodi."

Niliandika ile anwani kama ilivyoonekana kwenye skrini, nikaisoma kwa sauti, yeye akaitikia kila tarakimu. Nikabonyeza.

Seva ikatulia. Habari za Bura niliogopa kuuliza. Sista alikuwa hajakata simu, nami nikamsikia akisema, "Sukuma, mama, sukuma." Mwishowe mtoto akalia. Nami nililia, mtu mzima, nikimshukuru Mungu mezani pangu.

Marufuku yangu niliifuta. Nikiwa Garsen, nilizima njia ya data kwenye matundu ya kuchomekea simu ya kompyuta zote, nikaacha umeme upite, na wageni wakaendelea kuchaji.

Sasa nimestaafu, na bado siamini kwamba mkono wa mtu unaweza kufika mbali hivyo. Mwaka huu nilikwenda Bura kumsalimia Sista, naye akaniitia Hawo. Alikuja na msichana wa shule, akanitazama sana.

"Wewe ulikuwa wapi siku ile?"

"Garsen, mama. Ofisini kwangu."

Akatikisa kichwa kukataa, akamsogeza binti mbele yangu. "Msalimie babu yako," akamwambia. "Huyu alikuwepo ulipozaliwa."