Nilificha jina lake redioni, nikasahau salamu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Niko Bariadi, chumba cha kupanga, na hili sijalitia chumvi. Nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Mimi najitolea kwenye redio ya jamii. Vifaa vyangu ni simu, earphone na miguu. Narekodi wanavijiji wakisema yanayowakera, wakubwa wanasikia, na mara moja moja kitu kinafanyika.

Mwaka jana nilifika kijiji kimoja upande wa Sapiwi. Watu wanakunywa maji ya lambo, na ng'ombe wanaingia humo humo hadi katikati. Uzio wa miba ulikuwepo, ukakatwa. Kila niliyemuuliza aliangalia pembeni.

(Mwenye ng'ombe wengi ndiye anayekuazima maksai wa kulimia. Nani aseme?)

Mjane mmoja akasema. Nimwite Mayu, kama tunavyowaita mama zetu huku. Alieleza uzio unakatwa vipi, na ng'ombe ni wa nani: shemeji yake mwenyewe.

"Jina langu lisisikike, mwanangu. Wewe unaondoka, mimi nabaki."

Nikaapa.

Nika-edit. Jina lake nikalitoa, la shemeji pia, na sauti nikaibadilisha. Ikaruka hewani.

Sasa wakuu, salamu ya Kisukuma haiishii kwenye "mwangaluka". Mtu anakuuliza wewe ni wa kwa nani, unataja ukoo wa baba yako, naye anataja wake. Ile salamu yangu na Mayu niliiacha mwanzoni mwa kipindi kwa sababu ilikuwa nzuri. Ilikuwa na upepo, na kuku, na kicheko chake.

Na ukoo wake.

Pale kijijini, mwanamke wa ukoo ule aliyeolewa hapo ni mmoja tu.

Haukupita muda, wakubwa wanaohusika na maji wakaja. Uzio ukarudi, birika la kunyweshea mifugo likajengwa nje yake. Redioni tukapongezana. Nikaenda kumpa Mayu habari njema.

Mama wa dukani akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia.

"Kwa yule? Yule hasalimiwi. Ametuuza redioni."

"Lakini maji si yamekuwa masafi?"

"Maji masafi. Mdomo wake mchafu."

Hiyo ni adhabu ya mkutano wa kijiji. Hupewi salamu, huombi moto kwa jirani, huazimwi hata jembe.

Nilimkuta shambani. Pamba imefunguka yote, nyeupe hadi macho yanauma, na mgongo mmoja tu umeinama. Msimu wa nyuma majirani walichuma naye wakiimba. Nikashika mstari wa pembeni, tukachuma.

Jioni nikaenda kwa mzee aliyeongoza ule mkutano. Nikamwambia kosa ni langu.

"Wewe mgeni, umekosea. Yeye alijua," akasema. "Arudi redioni aseme alidanganya. Tutamwamkia kesho yake."

Nikampelekea Mayu ujumbe huo. Naona aibu kuandika kwamba nilitamani akubali.

Akacheka. "Niseme ng'ombe walikuwa wanapita juu ya maji kama malaika?"

Halafu akatoa miba ya pamba kwenye kidole.

"Njoo Jumamosi na hiyo simu. Choo cha shule kimebomoka, watoto wanajisaidia vichakani. Safari hii taja jina langu lote. Salamu wameshaninyima. Nisinyimwe bure."

Nilichojifunza: kumlinda mtu si kufuta jina tu. Sikiliza kila sekunde ukiwa na masikio ya majirani zake. Tunasema tunawapa wananchi sauti, ila sauti walikuwa nayo siku zote. Tunapoondoka na rekodi, wao wanabaki kulipa.

Kesho ndiyo Jumamosi. Simu nimeshachaji, na bado sijui kama nina haki ya kumrekodi tena.

Mliowahi kutengwa, au kumponza mtu kwa nia njema, nishaurini. Hata matusi nitayasoma.