Siku Sauti ya Bibi Ilipokauka

Rafiki yangu msomaji, mimi huandika tamthilia za televisheni, na mwaka huu nilirudi nyumbani Tabora kwa arusi ya binamu yangu. Siku moja kabla ya arusi niliingia saluni moja pale Kanyenye kusuka nywele. Televisheni ilikuwa ukutani, na kwa bahati yakaja marudio ya tamthilia yangu mwenyewe. Mama mkwe wa kwenye tamthilia ndiyo kwanza anafungua mlango amkute mkwewe anafunga mizigo, umeme ukakatika.

"Jamani! Si wangengoja kidogo tu!" msusi akalalamika, kitana kikiwa bado kwenye nywele zangu.

"Atamwomba radhi," akasema mama mmoja aliyetoka Nzega.

"Yule? Kwa roho ile? Haombi ng'o!" akadakia mwingine, ambaye tangu aingie hakuwa amemsemesha mtu.

Basi wanawake waliokuwa wameinamia simu zao wakaanza kubishana, na ubishi ukageuka kuwa habari za mama wakwe wao wenyewe. Mmoja akalia kidogo. Wakampa kanga ajifute, wakacheka naye. Sikuwaambia mimi ni nani. Nilikaa pale na kichwa kilichosukwa nusu, moyo umenijaa, nikaikumbuka baraza ya bibi yangu.

Bibi alinilea mitaa hiyohiyo. Enzi zile nyumba yetu ilikuwa ya udongo, ua wake wa matete, na alasiri tulikaa barazani kumenya karanga za kuuza. Nikifumba macho leo, bado nausikia mlio wa maganda yakivunjika, bado naonja matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, tuliyotafuna huku tukifanya kazi. Na bibi alisimulia. Hadithi yake moja ilikuwa ndefu ajabu, ya mwanamke wa Kinyamwezi aliyefuatana na mumewe katika msafara wa wapagazi kwenda pwani, akiwa amejitwika vyungu na mkeka. Kila siku bibi aliwapeleka mbele kidogo, kisha akawaacha penye mto uliofurika au kambini penye simba. "Leo watalala hapohapo," alisema, akakung'uta maganda kwenye kanga yake. Tulimwonea hasira kwelikweli.

Msikilizaji wake mkubwa alikuwa jirani yetu wa kulia, mshonaji, aliyekuja na kitambaa chake cha kutia vifungo. Jirani wa kushoto, aliyekuwa akikaanga maandazi, alikuwa haji tena. Zamani wawili hao walikuwa kama ndugu. Kisha mbuzi wa mkaanga maandazi akaingia kwa mshonaji, akatafuna gauni la bibi arusi lililoanikwa. Mshonaji, kwa uchungu wa kazi yake kupotea, akatamka hadharani: "Mbuzi ndiyo unawalea kama wanao, kwa kuwa huna wako!" Yule mama hakuwa na mtoto, na kila mtu alijua alivyohangaika kumtafuta. Alimfunga mbuzi wake, akaingia ndani, na tangu siku ile hawakusalimiana.

Lakini bibi alikuwa na macho. Alasiri moja aliona kivuli nyuma ya matete upande wa kushoto, kimetulia tuli. Akaanza tu kusimulia kwa sauti kubwa, kama anayehutubia mkutano. Nikamuuliza mbona anapiga kelele. "Hadithi inataka pumzi," akanijibu. Ikawa hivyo alasiri nyingi: mshonaji barazani, mwenzake nyuma ya ua, na bibi akiwalisha wote wawili kwa sauti moja.

Mpaka siku ambayo yule mwanamke wa msafara aliugua njiani na wenzake wakawa wanashauriana kumwacha. Siku hiyo bibi alijifunga kitambaa shingoni. "Sauti imenikauka," alinong'ona. "Anayetaka kusikia asogee." Tukasogea. Bibi akaendelea kwa mnong'ono. Nyuma ya ua matete yakalialia, yakanyamaza. Halafu tukasikia, "Hodi."

Mkaanga maandazi alisimama mlangoni na bakuli tupu. "Nimekuja kuomba chumvi," alisema, akitazama chini.

Bibi hakuinuka kwenda kuchota chumvi. Aliyeinuka ni mshonaji. Alisogeza vitambaa vyake, akapapasa mkeka. "Kaa hapa, dada." Yule mama akakaa. Mshonaji akamgeukia. "Dada, neno lile halikustahili kusemwa na mtu. Nisamehe."

Machozi yakamshuka mwenzake. Kisha akachota karanga kutoka kwenye ungo, akaanza kumenya. "Nyamaza kwanza," alisema. "Tumsikie bibi. Wamemwacha au hawakumwacha?"

Nilipotoka saluni nilikwenda kumwamkia mkaanga maandazi. Ni mzee sasa. Mshonaji alishafariki, na binti yake wa mwisho ndiye anayekaa na mzee huyu, anamwita mama, anamwogesha, anamkatia kucha. Nilimkumbusha siku ile sauti ya bibi yangu ilipokauka. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ikauke wapi! Asubuhi ya siku ileile nilimsikia bibi yako akimfokea muuza maziwa, sauti kama tarumbeta. Nilijua ananiita, mwanangu. Nami nilikuwa nimechoka kusimama kule nyuma peke yangu."

Ua wa matete haupo siku hizi. Pana ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu yake, na baraza ilibomolewa ikajengwa fremu ya duka. Karanga huja zimeshamenywa, kwenye mifuko. Nami ninapoketi na waandishi vijana Dar es Salaam, wakiniuliza namna ya kumshika mtazamaji, huwaambia wamtafute kwanza yule anayesikiliza akiwa amejificha, waandike ili yeye apate kisingizio cha kuingia. Huniona mtaalamu. Siwakatalii. Nimelelewa na mwanamke wa Kanyenye aliyejua kumfungulia mlango mtu aliyeumizwa bila kumwaibisha, na kila linapopita jina langu kwenye kioo cha televisheni, kwangu ni jina la mjukuu wake.